Konzi ya Udongo Juu ya Paa

Mti ukistawi, mwenyewe huringa. Aikande hakuringa. Alisimama juu ya paa la jengo la ghorofa tisa, saa moja asubuhi, kopo la maji mkononi, akautazama mkukusu wake kama mama anavyomtazama mwanawe aliyerudi nyumbani na viatu vipya ambavyo hakumnunulia.

Miti mingine thelathini na tisa pale juu ilikuwa inamfika mtu kifuani. Wake ulikuwa umempita kimo kwa mkono mzima, na majani yake yaling'aa mpaka yakamtia haya.

"Shemeji!" akaita Mzee Kirway kutoka penye chombo cha mti wa jirani, namba thelathini na mbili. Alikuwa rika la marehemu mumewe, na utani wake haukujua likizo. "Huo mti wako unaunywesha pombe ya mbege au unaupaka samli? Sema tu, tusaidiane."

"Naupa maji, kama wewe."

"Maji haya haya ya bomba? Basi yakifika kwangu yanakuwa yameshachoka."

Aikande akacheka kwa meno tu. Chai ya asubuhi alikuwa ameiacha mezani. Leo ndiyo siku ya kupandisha. Saa tisa puto la mizigo lingefika, linyanyue miti yote arobaini pamoja na vyombo vyake, liipeleke Ukingoni, kule juu chini ya kilele cha Kibo, kwenye mwamba uliooshwa kwa dawa. Mikukusu elfu sita kutoka mapaa mengine ilikwisha kutangulia huko. Ila kabla ya puto, mkaguzi.

Jamani, mkukusu si mti wa kuwekwa kwenye chombo. Ukiuacha uende utakavyo, utautazama kileleni mpaka shingo iume. Mmoja tu hunasa ukungu wa mawingu, ukaushusha matone kwa matone hadi mizizini, na chini yake chemchemi hufumbuka. Ndiyo maana mikukusu ilipoanguka, mifongo, ile mifereji ya kumwagilia, ilikauka, migomba ikafuata, kisha watu. Kilichoiangusha walikiita kimyakimya. Ni kuvu wa ardhini anayeingia kwenye mzizi mkuu na kukaa humo miaka mitatu bila jani moja kunyauka. Mti unaonekana mzima, tena mzima wa kupendeza, halafu asubuhi moja umelala chini na majani yake mabichi. Kufikia hapo, maji yaliyopita mizizini mwake yameshaupeleka ugonjwa kwa majirani.

Udongo wote wa mlimani ukapigwa marufuku. Watu wakashushwa tambarare, kwenye magorofa, na miti ikaanzwa upya juu ya mapaa. Kila ukoo ulipewa chombo kimoja: pipa lenye kuta za matundu, ili mzizi ukifika ukutani ukutane na hewa, ncha ikauke, usije ukajizungusha na kujinyonga. Ndani mlikuwa na kokoto za volkano zilizochomwa mara mbili. Udongo haukuruhusiwa, hata wa kujaza kijiko. Na maji yaliyochuja kutoka chombo kimoja yaliingia kwenye bomba la pamoja na kurudi kwa miti yote.

Na ndani ya chombo namba thelathini na moja, chini kabisa ya kokoto, kulikuwa na konzi ya udongo wa kihamba, shamba la migomba la ukoo kule mlimani.

Ilikuwa hivi. Miaka miwili nyuma, binti yake Mkunde alijifungua mtoto wa kike, Eshi. Kitovu kilipodondoka, Aikande alikifunga kwenye kitambaa cheupe, akazunguka nacho nyumba nzima. Jikoni saruji. Sebuleni saruji. Chini ya jengo lami, na ukivuka lami unakuta lami nyingine. Kwao kitovu huzikwa kihambani, chini ya mgomba, na mtu akiulizwa kwao ni wapi, hutaja pale. Sasa yeye angekizika wapi? Akitupe kwenye ndoo ya taka pamoja na nepi?

Wiki ile ile wazee wakapewa kibali cha saa mbili kwenda kusafisha makaburi kule juu. Akaenda, akafyeka, akalia kidogo penye kaburi la baba yake, na aliporudi pindo la kanga yake lilikuwa na fundo. Langoni walimpulizia dawa viatu, mikono, mpaka kilemba. Fundo hawakuligusa. Nani atamfungua mama mtu mzima pindo la kanga? Usiku ule akafukua kokoto za pipa hadi chini, akakizika kitovu humo pamoja na udongo ule. Kitovu hakilali kwenye kokoto, alijiambia. Kinataka udongo wa kwao. Konzi moja tu.

"Konzi moja tu," akajiambia tena asubuhi hii, na kila alivyolisema ndivyo konzi ilivyozidi kuwa kubwa.

*

Mkaguzi aliitwa Tunu Kasembe, msichana mrefu wa koti la kijani, mwenye adabu zake, mzaliwa wa kusini mwa nchi. Alianza na chombo cha arobaini akawa anateremka. Kila penye chombo alichomeka kipimo chake kwenye kokoto, kikawaka taa ya kijani, kisha akamtaka mlezi wa mti aweke mkono juu ya ukingo wa chombo na kujibu swali moja mbele ya wenzake.

"Je, kuna udongo wowote wa ardhini ulioingia katika chombo hiki?"

"Hakuna."

"Hakuna."

Zamu ya Mzee Kirway ilipofika, aliweka mikono yote miwili. "Hakuna, mwanangu. Udongo pekee uliopo hapa ni mimi mwenyewe, na bado sijazikwa."

Watu wakacheka, Tunu naye akacheka. Kila mtu pale alimhurumia mzee yule. Kihambani kwao ndiko ulikoanguka mkukusu wa kwanza mlima mzima, na baada ya mkewe kufariki mti ule wa pipani ndio ulikuwa mtu wake. Alikuwa akiufuta vumbi kwa leso, na hakuruhusu mwingine aumwagilie hata akiwa na homa.

Tunu akafika namba thelathini na moja. Akautazama mti kutoka chini hadi juu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekagua mapaa kumi na moja. Mti mzuri hivi sijauona."

"Ni Mungu tu."

"Mzuri mno," akasema Tunu, na lile "mno" likamwingia Aikande kama mwiba. Kipimo kikawaka kijani. "Weka mkono, mama. Je, kuna udongo wowote wa ardhini ulioingia katika chombo hiki?"

Aikande aliuona mkono wake mwenyewe juu ya ukingo, mishipa imesimama. Watu wote walikuwa wakimtazama kwa mapenzi, kama mtu anayeongoza darasa.

"Hakuna," akasema.

Tunu akabandika lakiri ya bluu ya ruhusa, akaenda kwa mwingine.

*

"Nimesema uongo," Aikande alimwambia Mkunde alipoteremka nyumbani. Mkunde alikuwa akimlisha Eshi uji. Alijua kitovu cha mwanawe kiko pipani. La udongo hakuambiwa, na alipoambiwa kijiko kilibaki hewani.

"Udongo wa kihamba? Mama! Yelewi, mama!"

"Konzi moja."

"Hata kama ni punje! Nani mwingine anajua?"

"Siri ya mtungi aijuaye kata. Mimi, na sasa wewe."

Mkunde akaweka bakuli chini, akaenda kufunga mlango. "Basi ibaki hapa. Ukisema, watachoma paa zima, si wako peke yake. Maji ni ya pamoja. Miti arobaini, mama! Yule mzee Kirway unataka afe?"

"Na nisiposema?"

"Huenda hakuna kitu! Mti unang'aa ule. Kipimo kimewaka kijani."

"Kimyakimya nayo huwaka kijani. Miaka mitatu. Mimi nina miwili."

"Na kitovu cha mwanangu?" akauliza Mkunde. "Kila asubuhi mtoto anapanda kule kuuamkia. Akikua nimwambie nini? Kwamba kitovu chako bibi yako alikitia moto kwa mdomo wake?"

Eshi, kusikia kuamkia, akainua kichwa. "Kamoo, mti," akasema, akarudi kwenye uji wake.

Aikande akakaa kitako sakafuni. Kwao mtu aliyekosa alikuwa akichuma jani la sale, akalishika kwa mikono miwili mbele ya aliyemkosea, na aliyeonyeshwa sale hana ruhusa ya kukataa kusamehe, hata kama damu imemwagika. Lakini sale ni mmea wa ardhini, wa mipakani na makaburini. Hapa mjini hakuna aliyeliona kwa miaka kumi na minne. Yeye angewaendea wale watu thelathini na tisa na nini mkononi? Mwiko wa ugali?

Akamtazama mjukuu wake akijipaka uji mashavuni. Kule Ukingoni miti elfu sita ilikuwa inangoja kunasa mawingu ili mtoto huyu, akifika umri wa mama yake, achote maji kwenye chemchemi badala ya kupanga foleni ya bomba. Elfu sita, na bomba ni moja huko nako.

"Kama kitovu cha Eshi kitaua chemchemi ya Eshi," akasema polepole, "basi sikuzika kitovu, Mkunde. Nilimzika mtoto."

Mkunde alianza kulia bila sauti, na kwa kulia kule Aikande akajua kwamba hatamzuia.

*

Aikande alisema saa sita mchana, jua la utosi, mbele ya watu wote. Alisema bila kuzunguka: kitovu, kibali, pindo la kanga, konzi. Alipomaliza, paa zima likamlipukia.

"Miaka kumi tunahangaika!"

"Mama mtu mzima, hata aibu!"

Mzee Kirway ndiye aliyemuumiza zaidi. Alimjia mpaka usoni, midomo imemkauka. "Umetuua, shemeji. Lakiri ilishabandikwa. Kwa nini hukunyamaza?"

Tunu aliwanyamazisha wote kwa kuinua mkono. Uso wake ulikuwa umepoteza rangi.

"Sheria inasema paa lote lichomwe," akasema. "Lakini ina mlango mmoja. Tukijua chombo kilichoingia udongo ni kipi, tunaweza kukata mzizi mkuu wa mti huo na kutazama kiini chake chini ya taa. Kikiwa cheupe, udongo ulikuwa safi, na miti mingine yote inapanda. Kikiwa na pete nyeusi..."

"Si ukate tu kimzizi kidogo pembeni?" akauliza mtu.

"Vimizizi havisemi kitu. Kimyakimya hukaa kwenye mzizi mkuu peke yake."

"Na mti wenyewe?" akauliza Aikande, ingawa alijua.

"Ule ndio mzizi unaousimamisha, mama. Ukikatwa, mkukusu hauponi."

Aikande akavua viatu. Hakujua kwa nini. Miguu tu ilitaka hivyo. "Kata," akasema. "Shina nitalishika mimi."

Walililaza pipa, wakafungua kuta zake. Kokoto zikamwagika, na mizizi ikaonekana, mingi, minene, yenye afya ya kutisha. Chini kabisa ilikuwa imekumbatia bonge dogo la udongo mwekundu. Kitambaa cheupe kilikuwa kimebaki nyuzi tatu. Kitovu chenyewe hakikuwepo tena. Mti ulikuwa umekila chote. Tunu, glavu mikononi, akalitia lile bonge kwenye mfuko na kuufunga, kisha akachukua msumeno.

Aikande alilikumbatia shina. Mtikisiko wa msumeno ulimpita kifuani, na harufu ikapanda, harufu ya mwerezi na pilipili manga, harufu ya kwao. Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, mbele ya watu waliomtukana. Mkunde alikuwa amesimama mlangoni mwa ngazi na mtoto mgongoni. "Kamoo, mti," Eshi alisema, kwa kuwa hata mti ukilala ni wa kuamkiwa.

Tunu akadondosha dawa kwenye kiini, akakiweka ndani ya boksi la taa ya zambarau. Dakika kumi. Hakuna aliyekaa. Mzee Kirway alikuwa amegeukia chombo chake, mgongo kwa watu, anafuta majani ambayo tayari yalikuwa safi.

"Cheupe," akasema Tunu. Akatazama tena. "Cheupe kabisa!"

Paa likapiga vigelegele. Watu wale wale waliomlaani walimkumbatia, wakamwombea baraka, wakamwita mama yetu. Tunu alichuchumaa mbele yake na kumshika magoti.

"Udongo wenu ulikuwa safi, mama. Tena ulikuwa hai, una vijiuzi vya kuvu mwema vinavyolisha mizizi, ndiyo maana mti ulistawi vile. Lakini ilikuwa bahati tu. Kihamba kimoja ni salama, cha hatua ishirini kutoka hapo ni sumu tupu. Usingesema, nisingejua kamwe."

Aikande akaitikia kwa kichwa. Alikuwa amekalia pipa tupu, vumbi la mbao limemganda kifuani.

*

Puto lilifika saa tisa kasorobo, likatia kivuli juu ya paa zima. Kamba zikashuka. Chombo cha arobaini kikapanda kwanza, cha thelathini na tisa kikafuata, na kila kimoja kilivyoacha sakafu wenye chombo walipiga makofi. Namba thelathini na mbili ilipoinuka, Mzee Kirway hakupiga makofi. Alisimama chini yake akiitazama mpaka ikaingia kwenye tumbo la puto, kisha akaja kwa Aikande, taratibu, akitembea kama anayepita msibani.

Alikuwa ameshika kitu kwa mikono miwili.

"Shemeji," akasema. "Nisamehe."

Mikono ya Aikande ilinyooka yenyewe kabla akili haijafika. Ndivyo alivyolelewa. Jani lilikuwa refu, la kijani kibichi, limefungwa fundo moja katikati kama desturi inavyotaka. Jani la sale. Lilikuwa limechumwa saa ile ile. Utomvu ulikuwa bado unatoka. Na kwenye kitako chake palikuwa na chembe ya udongo mwekundu.

Akarudisha mikono kifuani.

"Umelitoa wapi?"

Mzee akazidi kulinyoosha jani.

"Kirway. Sale halioti kwenye kokoto. Umelitoa wapi?"

"Kaburini kwa baba, kihambani kwetu," akasema mzee, macho chini. "Siku ile ile ya kibali chako. Nililitia chomboni na udongo wake, lishike. Liko nyuma ya shina, nimelifunika mawe. Nilitaka tu kitu cha nyumbani, shemeji. Kitu kimoja." Akaelekeza kidevu kwenye pipa tupu. "Ulipokuwa unakatiwa mti nilitaka kusema. Mungu anajua nilitaka. Mdomo ulikataa."

Aikande akakumbuka: kwa nini hukunyamaza? Mzee hakuuliza kwa nini ulitia udongo. Aliuliza kwa nini hukunyamaza.

"Udongo wa kihamba chenu," akasema. "Kile ulikoanguka mkukusu wa kwanza."

"Huenda ni safi. Wako ulikuwa safi."

"Huenda."

Chombo cha thelathini kikapita juu ya vichwa vyao. Cha Aikande hakikuwepo cha kuhesabiwa. Mzee alibaki amenyoosha jani, na Aikande alimwona jinsi alivyokuwa mzee kweli, peke yake, shati limefungwa vifungo vya kombokombo kwa kuwa hakuna wa kumwambia. Alimwonea huruma mpaka ikamuuma. Na alimkasirikia mpaka akataka kumpiga.

Akalipokea jani kwa mikono miwili.

"Sale halikataliwi," akasema. "Nimekusamehe. Mti wangu nimekusamehe, na kitovu cha mjukuu wangu, na matusi yako. Sitakudai tena, hapa wala mbele ya Mungu."

Mzee Kirway akashusha pumzi, akataka kumshika mkono. Aikande akaurudisha nyuma.

"Ya kwangu yamekwisha. Ya mlima siyo yangu kuyasamehe. Utamwambia mkaguzi wewe, au nimwambie mimi?"

Mzee akafungua mdomo. Ukabaki wazi hivyo hivyo, hautoi kitu. Aikande alimngojea, akamngojea tena, na juu ya vichwa vyao chombo cha ishirini na tisa kikaingia puto.

Basi akageuka. Alikimbia peku katikati ya watu wanaocheza, mama wa miaka sitini na mbili, jani mbele yake kwa mikono miwili, akamfikia Tunu aliyekuwa amesimama penye kamba na redio mdomoni.

"Mwanangu, simamisha! Namba thelathini na mbili!"

Tunu akamgeukia, bado anatabasamu. Hakuwa mtu wa mlimani. Hakujua kwamba alichoshikiwa mbele yake ni ombi la msamaha, na kwamba halikataliwi. Aliona jani tu. Kisha akaona udongo mwekundu kwenye kitako chake, na tabasamu likamtoka.